Ukungu Chini ya Kitambaa cha Meza

Mvua za Songwe huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, mwaka mwingine zikagusa Mei. Miezi hiyo migahawa ya Tunduma haipumziki. Madereva wa malori yanayoelekea Lusaka na Lubumbashi wanasubiri karatasi zao zipite, mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanashusha abiria, na wachuuzi wanaokwenda Nakonde na kurudi wanakula palepale mpakani. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 kimepunguza kusubiri, hakikuondoa njaa.

Meza nyingi za migahawa hiyo zimefunikwa kitambaa cha plastiki chenye maua au matunda, kile kinachouzwa kwa mita. Chai ikimwagika, mama lishe anapitisha tambara, meza inang'aa, mteja mwingine anakaa. Kwa juu hakuna la kulaumu.

Mtu akifunua pembe moja katikati ya masika, anakuta habari nyingine. Upande wa chini umebandikwa utando laini wa nyuzi, uliotoka kiwandani ukiwa mweupe; sasa una madoa meusi na ya kijani yaliyosambaa kuanzia kwenye ncha za meza, pale maji yanapopenyea. Ubao nao umelowa na kubadilika rangi. Harufu yake ni ya nguo zilizofungiwa mfukoni zikiwa mbichi.

Na bado muuzaji aliapa kwamba plastiki haioti ukungu. Hakudanganya sana, ila alisema nusu ya habari.

Vitambaa hivyo vingi vimetengenezwa kwa PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji, isipokuwa hii imelainishwa. PVC tupu ni ngumu. Mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich alipata njia ya kuifanya iwe laini na ya kupindika kwa kuichanganya na vilainishi, yaani vimiminika vizito vinavyojipenyeza ndani yake. Katika bidhaa laini vilainishi vinaweza kufika theluthi ya uzito wote. Hapo ndipo fangasi wanapopata mwanya: PVC yenyewe inawashinda, lakini baadhi yao wanaweza kula vilainishi.

Watafiti wa Manchester, Uingereza, walilionyesha hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000. Waliacha vipande vya PVC laini nje, kwenye hewa ya kawaida, kwa wiki 95. Kati ya wiki ya 25 na ya 40 fangasi aitwaye Aureobasidium pullulans alikuwa ameshahamia, na maabara ilithibitisha kwamba anaweza kuishi kwa plastiki hiyo tu, bila chakula kingine. Miezi sita hadi tisa kabla ya kuanza kuota si mwendo wa haraka. Sasa kwa nini meza ya mgahawa inaharibika katika msimu mmoja?

Kwa sababu pale hakuna fangasi anayehangaika na plastiki. Kuna mchuzi wa maharage, mafuta ya chipsi, sukari ya chai, punje za wali na unga wa ugali uliokaukia kwenye mikunjo. Ukungu unahitaji unyevu, chakula na joto la wastani. Chakula kipo mwaka mzima, joto la Tunduma linatosha, na masika yanaleta kilichobaki. Tena kitambaa kikilazwa juu ya meza ya mbao za msindano, zile laini zinazovunwa kwa wingi Nyanda za Juu Kusini, maji yakishapita chini hayana pa kutokea. Plastiki inazuia maji yasiingie kwenye ubao, na inayazuia vilevile yasitoke.

Hali haifanani mkoa mzima. Kamsamba, huko chini katika bonde la Ziwa Rukwa, ni joto, na kitambaa kilichoanikwa hakikawii kukauka. Milimani Ileje baridi na mawingu hukifanya kikae na unyevu siku nzima. Tunduma iko juu pia, na jikoni kunakochemka masufuria tangu alfajiri mvuke unageuka matone kwenye kila kitu chenye ubaridi, meza zikiwemo.

Vimkeka vidogo vya kuwekea sahani ni suala tofauti kidogo. Vile vya polipropilini, jamaa ya mikeka ya plastiki inayotandikwa sebuleni, havihitaji vilainishi, kwa hiyo fangasi hawapati cha kula ndani yake. Kwa hilo vinaushinda mbali ukindu, ambao ukilowa na kukunjwa huota ukungu upesi. Tatizo la vimkeka hivyo ni msuko. Kila tundu ni ghala la makombo, na tambara la kupitisha juu halifiki humo. Vinataka brashi na sabuni.

Bidhaa nyingine huja na maandishi kwamba zimewekewa dawa ya kuzuia ukungu. Mara nyingi ni kweli. Viwanda huchanganya kemikali kama zinki pirithioni au chembe za fedha, na zamani ilitumika sana OBPA, yenye aseniki ndani yake. Kipimo kimojawapo kinachojulikana duniani, ASTM G21, kinaweka kipande cha plastiki pamoja na mbegu za fangasi kwa siku 28, kisha kinakipa alama kuanzia 0, maana yake hakikuota kitu, hadi 4. Ila chakula pekee kilichopo katika jaribio hilo ni plastiki yenyewe. Alama 0 haisemi lolote kuhusu kipande kilichopakwa mchuzi. Marekani sheria humruhusu muuzaji kutangaza kwamba dawa inailinda bidhaa isiharibike. Akitaka kudai kwamba inamlinda mlaji dhidi ya vijidudu, lazima kwanza aisajili kama kiuatilifu. Mnunuzi wa Tunduma anastahili kuijua tofauti hiyo kabla ya kuongeza bei.

Ukungu wa mezani usichanganywe na sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ile ilitokana na mahindi yaliyoliwa. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, linahusisha unyevu na ukungu wa ndani ya majengo na kukohoa, kubanwa kifua na pumu. Anayeshinda jikoni humo kutwa ndiye anayeuvuta zaidi.

Anayekwenda kununua akigeuze kitambaa kwanza. Chenye utando wa nyuzi chini kinafaa meza ya sebuleni inayoguswa Jumapili. Kwa mgahawa kinafaa kile kitupu, laini pande zote mbili. Wakati wa masika kivuliwe kila jioni, kioshwe kwa sabuni, kisha upande wa chini upanguswe kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, bila kuongezewa siki, ndimu wala dawa ya choo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Kianikwe, na meza ilale wazi hadi asubuhi. Nyongeza ya bei inayoombwa kwa neno "hakioti ukungu" ni bora inunue brashi.