Wakazi wa Voi walipogeuka ‘wautafiti’

Jumamosi moja nikiwa nyumbani Voi, nilifungua rasimu ya kamusi ndogo tunayoiandaa, ya Kisaghala, Kidawida na Kiswahili. Sentensi ya kwanza niliyoisoma ilikuwa: “Wautafiti wa Voi waliamka mapema.” Nikasugua macho. Ukurasa uliofuata nikamkuta “mfanyautafiti” akienda “utafitini”, na chini yake mtu “anautafitia” kamba. Jamani, hiki ni Kiswahili cha wapi?

Nilimpigia simu mwanafunzi wangu anayeshughulikia kompyuta. “Prof, jana nilirekebisha njia za faili tu,” akaniambia. Kumbe tatizo lilikuwa hapo hapo.

Nieleze. Kamusi yetu haipangwi kwa mkono. Kuna skripti, yaani orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza moja baada ya jingine: chukua faili hizi za maneno, zipange kialfabeti, toa kitabu, kisha weka nakala ya akiba. Hufanya hivyo kila usiku sisi tukiwa tumelala. Ili izipate faili, lazima iambiwe njia. Katika kompyuta yangu njia ilikuwa D:\kazi\maneno. Mwanafunzi alipoihamishia kwake, folda yake ikiitwa “utafiti”, skripti iligoma. Haikuona “kazi” yoyote.

Ugomvi huu wa njia ni wa zamani. Mifumo ya ukoo wa Unix hutenganisha folda kwa mkwaju wa kawaida. MS-DOS ilipoanza kutumia folda mwaka wa 1983, mkwaju ulikuwa tayari umepewa shughuli nyingine katika amri zake, kwa hivyo ikachukua mkwaju unaoinamia nyuma. Tangu hapo, anayehama upande mmoja kwenda mwingine huandika njia upya.

Mwanafunzi alitoa amri moja: kila palipo na “kazi”, weka “utafiti”. Lakini aliielekeza kwa faili zote, za skripti na za kamusi pia. Na kompyuta haijui mofimu. Sisi tunajua kuwa “mkazi” na “makazi” yametokana na kitenzi “kaa”, kwamba “kazia” imetokana na “kaza”, na kwamba “kazi” ni nomino iliyojitenga nayo. Mashine huona herufi nne tu: k, a, z, i. Katika lugha kama yetu, ambayo huambisha viambishi mbele na nyuma ya mzizi, neno moja hujificha ndani ya jingine kila mahali. Hata angeiagiza ibadilishe neno zima pekee, “wakazi” wangepona, lakini “kazi” yenyewe ingefutika katika kamusi.

Basi si turudishe kinyume? Haiwezekani. Palipokuwa na “utafiti” wa kweli pangegeuka “kazi”. Mabaya zaidi, usiku ule ule skripti ilikuwa imeweka nakala mbovu juu ya nakala ya akiba.

Kilichotuokoa ni karatasi. Mzee mmoja wa Sagalla alikuwa na rasimu tuliyomchapishia, amesahihisha kwa penseli. Tulipanda mlima tukaiomba, tukalinganisha mstari kwa mstari kwa siku nne. Lakini sentensi za mfano tulizoziandika baada ya kuichapisha hazikuwamo. Chache tulizikumbuka, nyingine zimepotea. Lugha yenye wasemaji wachache haina akiba nyingine ya kukimbilia.

Dawa yake ni ipi? Kwanza, tofautisha njia kamili na njia ya kulinganisha. Njia kamili ni kama kusema “Kenya, Kaunti ya Taita Taveta, Voi, mtaa fulani”: haitegemei ulipo, lakini nyumba ikihama, imekufa. Njia ya kulinganisha ni kama kumwambia kondakta “nishushe steji inayofuata”. Ukiwa Maungu ukitoka Mombasa, utashuka Voi. Ukiwa Voi ukielekea Wundanyi, waweza kujikuta Mwatate. Kwa hiyo skripti ihesabu njia kutoka pale yenyewe ilipokaa, isihesabu kutoka pale aliyeiamuru aliposimama.

Pili, andika jina la folda kuu mara moja tu, juu kabisa ya skripti, na kwingine kote urejelee hapo. Ukihama, utabadilisha mstari mmoja. Tatu, ukilazimika kubadilisha kwingi, tafuta njia nzima pamoja na mikwaju yake, si neno moja, na uelekeze amri kwa skripti pekee. Nne, iambie kompyuta ikuonyeshe itakachobadilisha kabla haijabadilisha. Tano, nakala ya leo isifute ya jana.

Sikumfokea kijana yule. Amri ile angeweza kuitoa yeyote kati yetu. Ila nilimwambia jambo ninalowaambia wote wanaodhani taaluma ya lugha haina nafasi katika kompyuta: somo la mofimu alilolalamikia mwaka wa kwanza lingemwokolea siku nne na maneno ya wazee. Sasa amechapisha rasimu mpya, nakala tatu. Moja imerudi Sagalla, pamoja na penseli.