Pilipili na Chotara Wake: Kupanda na Kuzalisha Pilipili Kali Nyumbani katika Bara la Mombasa

Utangulizi

Waswahili husema, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Methali hii humkanya mtu anayejitia katika jambo lisilomhusu. Hata hivyo, pilipili inayozungumziwa katika makala haya inamhusu karibu kila mkaazi wa Pwani. Anayeshuka feri Likoni jioni hupokewa na harufu ya muhogo wa kukaranga, uliopasuliwa katikati na kutiwa ndimu na pilipili. Kisauni, viazi vya karai haviliki bila pilipili ya ukwaju. Changamwe, sahani ya pilau haikamiliki bila kachumbari yenye pilipili mbichi. Nyuma ya nyumba nyingi katika sehemu hizi tatu za bara zinazokizunguka Kisiwa cha Mombasa, mpilipili mmoja au miwili huota katika debe kuukuu au ndoo iliyopasuka, na mwenye nyumba huchuma humo mahitaji ya jikoni.

Wapandaji wa nyumbani wana onyo wanalorithishana: usipande pilipili hoho karibu na pilipili kali, hoho nayo itawasha. Je, onyo hili lina ukweli wowote? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kueleza jinsi pilipili inavyopandwa nyumbani, jinsi chotara wake anavyopatikana, na kwa nini anayetunza mbegu zake mwenyewe anahitaji kulifahamu ua la pilipili. Hoja kuu ni kwamba pilipili hubadilika mbeguni, wala haibadiliki tundani. Asiyeitambua tofauti hiyo anaweza kuipoteza mbegu nzuri bila ya kujua siku aliyoipoteza.

Asili ya Mmea na Majina Yake

Pilipili kali si mmea wa asili ya Afrika. Jamii yake, ambayo wanasayansi huiita Capsicum, ilitokea Marekani ya Kati na ya Kusini, na ilianza kusambaa duniani baada ya safari za Wazungu za mwisho wa karne ya 15. Wareno, waliofika Mombasa mwaka 1498 na kuanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, ni miongoni mwa waliousambaza mmea huu katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi.

Jina lake, kinyume chake, lilitangulia kufika. Neno pilipili lina uhusiano na filfil ya Kiarabu na pilpil ya Kiajemi, na chimbuko lake la mbali ni Kisanskriti. Awali lilihusu kiungo cheusi kilichotoka Bara Hindi. Mgeni kutoka Marekani alipofika, Kiswahili hakikumtafutia jina jipya, bali kilimpa jina la mwenyeji aliyewasha kama yeye. Ndipo haja ya kutofautisha ilipozuka. Kile cheusi kikaitwa pilipili manga, Manga likiwa ni jina la kale la Uarabuni, hasa Omani. Neno hilo linasikika pia katika komamanga na njiwa manga.

Historia ya pilipili hoho inavutia zaidi. Katika kamusi ya Frederick Johnson iliyochapishwa mwaka 1939, jina hilo linaelezwa kuwa la pilipili nyekundu, likitofautishwa na pilipili manga. Leo, mnunuzi anayeitisha hoho sokoni hupewa lile tunda kubwa, nene, lisilowasha. Inayowasha imepata majina mengine: pilipili kali, pilipili kichaa iliyo ndogo na yenye kuchoma mara moja, na pilipili mbuzi iliyo ya mviringo, yenye mikunjo na harufu tamu. Tofauti hizi si za jina tu. Hoho na pilipili kali nyembamba ni za spishi moja, Capsicum annuum. Pilipili kichaa ni Capsicum frutescens, na pilipili mbuzi ni Capsicum chinense. Msomaji aikumbuke tofauti hii, kwa maana ndiyo inayoamua ni mmea gani utakaokubali kuzaa na mwenzake.

Upandaji Nyumbani

Mbegu husiwa katika kitalu kidogo, hata kopo la siagi lililotobolewa chini, kwa kina cha nusu sentimita hivi. Katika joto la Mombasa, nyingi huota kati ya siku 7 na 14. Miche ikifikisha majani sita au zaidi huhamishiwa katika chombo kikubwa, na jioni ndiyo wakati mwafaka wa kuhamisha ili mche usinyaushwe na jua.

Udongo wa bara la Mombasa haufanani. Kisauni na Likoni, hasa karibu na bahari, kuna mchanga na mawe ya matumbawe. Maji hupita haraka na rutuba hupungua. Baadhi ya sehemu za Changamwe zina mfinyanzi mzito unaotuamisha maji na kuozesha mizizi. Chombo humwepusha mpandaji na matatizo yote mawili, almuradi kina matundu ya kutosha chini na kimejazwa udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza barabara. Maji ya visima vyenye chumvi yatumiwe kwa uangalifu, kwani chumvi ikijilimbikiza katika chombo huunguza mizizi. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora zaidi.

Aidha, majira yana athari kubwa. Joto la Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi, linaweza kuangusha maua kabla ya kushika tunda, na hoho huathirika zaidi kuliko pilipili kichaa. Mvua za masika nazo hulowesha chavua na kuleta madoa ya kuvu katika matunda. Anayetaka kuzalisha chotara hupata nafasi nzuri baada ya mvua kubwa kupungua, upepo wa kusi unapoleta hali ya ubaridi kiasi.

Ua na Chavua

Ua la pilipili lina sehemu za kiume na za kike kwa pamoja. Katikati husimama kijiti chenye ncha yenye kunata, nacho ni sehemu ya kike ipokeayo chavua. Pembeni yake kuna vifuko vitano au sita vyenye chavua, nayo ni unga wa kiume. Kwa kuwa vyote vimo katika ua moja, mpilipili una uwezo wa kujichavusha wenyewe, na mara nyingi hufanya hivyo. Nyuki na wadudu wengine, hata hivyo, huhamisha chavua kutoka mmea hadi mmea, na hapo ndipo chotara asiyekusudiwa huzaliwa.

Anayemtaka chotara kwa makusudi humtangulia nyuki. Jioni, au alfajiri kabla jua halijapanda, huchagua tumba nono lililokwisha kuwa jeupe lakini bado halijafunguka. Hulifungua taratibu kwa kibano chembamba na kuvitoa vifuko vyote vya chavua kabla havijapasuka. Akichelewa na vifuko vikapasuka, ua litakuwa limekwisha kujichavusha, na kazi itakuwa ya bure. Kisha huchuma ua lililofunguka la mmea aliouchagua kuwa baba na kukigusisha kijiti cha mama kwa chavua yake. Ua hilo hufunikwa kwa kipande cha kitambaa chepesi ili wadudu wasilifikie, na kikonyo chake hufungwa uzi wa rangi. Bila uzi huo, baada ya wiki mbili hakuna atakayelikumbuka tunda lilipo. Tunda likishika, kitambaa huondolewa, na kwa kawaida huchukua takribani miezi miwili kuiva. Mbegu hutolewa tunda linapokuwa jekundu kabisa, au linapofikia rangi yake ya mwisho.

Uwezekano wa kufaulu hutegemea ukaribu wa wazazi. Hoho na pilipili kali nyembamba, kwa kuwa ni spishi moja, huzaa kwa urahisi. Hoho na pilipili mbuzi zinaweza kuzaa, lakini maua mengi huanguka na baadhi ya mbegu hazioti. Ni vyema mwanagenzi aanze na walio jamaa wa karibu.

Je, Hoho Huwasha kwa Sababu ya Jirani?

Sasa swali la utangulizi linaweza kujibiwa. Nyama ya tunda ni mwili wa mmea mama. Chavua huingia katika mbegu tu. Kwa hivyo, hoho iliyochavushwa na pilipili kali msimu huu itabaki kuwa hoho katika ladha yake. Atakayezipanda mbegu zake msimu ujao ndiye atakayeuona uchotara. Onyo la wapandaji, basi, lina ukweli ndani yake, ila kosa lake ni la wakati: huutarajia leo mwasho ambao ni wa kizazi kijacho.

Ukali wa pilipili hutokana na kemikali iitwayo kapsaisini, ambayo huzalishwa hasa katika utando mweupe unaozishika mbegu. Kuwepo au kutokuwepo kwa mwasho huamuliwa kwa kiasi kikubwa na jeni moja, na upande wa kuwasha ndio unaotawala. Hoho ikizaa na pilipili kali, watoto wote wa kizazi cha kwanza watawasha, ingawa kiwango cha ukali hutofautiana kwa kuwa kina jeni zake nyingine. Watoto hao wakijichavusha, kizazi cha pili hugawanyika: takribani robo tatu huwasha na robo moja haiwashi. Huu ndio uwiano wa tatu kwa moja ambao Gregor Mendel aliueleza mwaka 1866 kutokana na majaribio yake ya njegere.

Hapa ndipo ilipo hatari kwa anayetegemea pilipili yake kali. Tuseme mchuuzi wa muhogo ana mbegu aliyorithi kwa bibi yake, na jirani amepanda hoho. Nyuki akileta chavua ya hoho, mchuuzi hataona badiliko katika matunda. Akizipanda mbegu, kizazi cha kwanza bado kitawasha, naye atatulia. Katika kizazi cha pili ndipo atakapokuta baadhi ya mipilipili imepooza, na kufikia hapo huenda mbegu ya asili imekwisha kutupwa. Hasara hii hujificha kizazi kizima kabla ya kudhihirika. Dawa yake ni nyepesi: kila msimu maua machache yafunikwe kwa kitambaa yakiwa bado matumba, yaachwe yajichavushe yenyewe, yatiwe uzi, na mbegu za matunda hayo pekee ndizo ziwekwe. Zikaushwe kivulini na kutiwa katika chupa iliyofungwa barabara, kwani unyevu wa hewa ya Pwani huua mbegu upesi. Anayezitoa asiguse macho kabla ya kunawa kwa sabuni. Kapsaisini haiyeyuki vyema katika maji matupu.

Yule aliyempata chotara mzuri naye asiharakishe kushangilia. Kizazi cha pili huwa na sura nyingi, na huhitajika vizazi sita hadi vinane vya kuchagua na kujichavusha kabla sifa hazijatulia. Mkulima Mmarekani Ed Currie alitumia takribani miaka 10 kuipata Pepper X, iliyotambuliwa na Guinness mwaka 2023 kuwa kali kuliko zote duniani kwa wastani wa vizio 2,693,000 vya Scoville. Mchuuzi wa Likoni hana haja ya moto wa namna hiyo, lakini njia ni ile ile ya kuchagua na kusubiri.

Mbegu na Sheria

Utunzaji wa mbegu nchini Kenya umekuwa pia suala la kisheria. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, baada ya kurekebishwa mwaka 2012, iliwatia hofu wakulima wanaobadilishana na kuuziana mbegu zisizoidhinishwa, kwani adhabu yake ilikuwa faini kubwa au kifungo. Mwaka 2022 kundi la wakulima wadogo liliwasilisha kesi katika Mahakama Kuu ya Machakos, na Novemba 2025 mahakama hiyo ikatamka kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kutunza, kubadilishana na kuuziana mbegu zao vinakiuka Katiba. Kwa mintarafu hiyo, jirani wa Kisauni anapomgawia mwenzake mbegu ndani ya karatasi, anaendeleza desturi ambayo mahakama imeitambua kuwa haki.

Chotara na Mahuluti

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, suala hili lina funzo la ziada. Maneno chotara na mahuluti hutumika katika kilimo, na ndiyo hayo hayo yaliyotumika katika mjadala wa muda mrefu kuhusu asili ya Kiswahili. Waliodai kwamba Kiswahili ni lugha chotara walitazama wingi wa maneno ya mkopo. Neno pilipili lenyewe linatosha kuwajibu: limetoka ng'ambo, lakini mti wake ni mpilipili, na mingi ni mipilipili. Mgeni ameingia katika ngeli za Kibantu na kutii sarufi ya mwenyeji. Bila shaka mfano huu una mipaka yake, kwa sababu lugha haina kizazi cha kwanza na cha pili. Hata hivyo unatukumbusha kuuliza, kabla ya kutoa hukumu, ni sehemu gani hasa iliyobadilika.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba pilipili kali inaweza kupandwa na kuzalishwa chotara katika ua wa nyumba yoyote ya Likoni, Kisauni au Changamwe, kwa kibano, kipande cha kitambaa na uzi. Aidha, yamefafanua kwamba uchotara hukaa mbeguni na kudhihirika baadaye. Ingefaa wanafunzi wanaorudi makwao likizoni wawaulize wazee majina ya pilipili walizozijua na jinsi walivyozitofautisha, kisha wayaandike pamoja na kuzihifadhi mbegu zenyewe. Neno hoho limebadili maana hali walioishuhudia pilipili ya zamani bado wapo. Mbegu haitawasubiri zaidi ya hapo.