Kabla Hujatuma Kontena la Vitabu Mwanza

Kila mwaka, kwenye vikundi vyetu vya huku ughaibuni, huibuka wazo lile lile: tukusanye vitabu, tujaze kontena, tupeleke nyumbani, Mwanza, Sengerema, Ukerewe. Nia ni njema kabisa. Tatizo langu ni kwamba tunazungumza kana kwamba Kanda ya Ziwa haijawahi kuwa na maktaba wala wasomaji. Ilikuwa navyo vyote viwili, na anayetaka kusaidia leo inafaa ajue vilipatikanaje na vilikwama wapi.

Mwaka 1948 serikali za kikoloni zilianzisha East African Literature Bureau, makao yake yakiwa Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuchapisha vitabu kwa lugha za huku kwetu na kuvifikisha kwa wasomaji. Watu wa mbali waliazima kwa posta, na masanduku ya vitabu yalipelekwa kwenye shule, misheni na vituo vya jamii. Mwaka 1960 mkutubi Mwingereza, Sydney Hockey, alitoa ripoti iliyopendekeza kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na huduma yake ya maktaba ya taifa. Tanganyika ilitunga sheria yake mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu Dar es Salaam. Kuanzia hapo zikasambaa maktaba za mikoa, ya Mwanza ikiwa mojawapo, zote zikiwa chini ya chombo tunachokiita leo Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Hadi hapa ni historia ya majengo na sheria. Kwetu Kanda ya Ziwa jambo kubwa zaidi lilitokea nje ya majengo. Mwaka 1968 UNESCO na serikali walianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, wakachagua mikoa minne iliyozunguka ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Makao yakawekwa Mwanza mjini. Mtu mzima hakufundishwa herufi kwa hadithi za watoto. Alifundishwa kwa vitabu vya pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi na malezi ya nyumbani, yaani mambo aliyokuwa akiyafanya kwa mikono yake tangu asubuhi.

Ardhi ya mradi huo ilikuwa tayari. Wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wamekwisha kugombana na wafanyabiashara juu ya mizani, na kutokana na ugomvi huo vikazaliwa vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani, vikaungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Mkulima aliyewahi kupunjwa kilo hahitaji kuhubiriwa faida ya kusoma stakabadhi. Anaijua.

Mwalimu akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Ukerewe ikawa kati ya wilaya sita zilizopewa lengo la kufuta ujinga wa kusoma na kuandika hadi mwisho wa 1971. Kisha likaja swali ambalo nchi nyingi hulisahau: aliyejua kusoma jana atasoma nini kesho? Jibu likawa maktaba za vijiji, mara nyingi kabati moja la vitabu lililotunzwa na mwalimu, pamoja na gazeti la vijijini la kanda yetu lililoanza mwaka 1974, Elimu Haina Mwisho. Kwa hesabu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma walishuka kutoka theluthi mbili hivi mwishoni mwa miaka ya sitini hadi asilimia 39 mwaka 1975, na chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Mtu akiniambia watu wetu hawapendi kusoma, humrudisha kwenye miaka hiyo.

Na ziwa halikuzaa wasomaji tu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwaka 1944, akasoma Seminari ya Nyegezi, na riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ikatolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, shirika lile lile la masanduku ya vitabu. Kabla yake, kisiwani humo humo, Aniceti Kitereza alikuwa amemaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe. Hakupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na hatimaye Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Kisa hicho huniuma kila ninapokikumbuka, maana kinaonyesha wazi mahali palipokuwa na kasoro. Mwandishi alikuwepo, wasomaji walikuwepo. Njia ya kukifikisha kitabu ndiyo iliyokosekana.

Njia hiyo ikazidi kuziba mwishoni mwa miaka ya sabini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Literature Bureau ikaondoka nayo. Vikafuata vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni, wakati vitabu vingi vya maktaba vilikuwa vikiagizwa kutoka nje. Fedha zilipokatika, vitabu vipya vikakatika, na kabati la kijiji lisiloongezewa kitu likabaki fanicha.

Maktaba za mikoa zilibaki wazi. Ukiingia kwenye maktaba ya mkoa siku hizi, wengi utakaowakuta ni wanafunzi waliokuja na madaftari yao wenyewe, wakitafuta meza, mwanga na utulivu wa kujisomea kabla ya mitihani. Wapo wanaowalaumu kwamba hawagusi rafu. Mimi siwalaumu. Nyumba ya vyumba viwili yenye watu wanane haina meza ya kusomea, na kumpa kijana meza ni huduma ya kweli. Lakini Mkoa wa Mwanza, wenye watu wapatao milioni 3.7 kwa sensa ya 2022, unahitaji zaidi ya meza: kona ya watoto iliyojaa hadithi, riwaya mpya za Kiswahili, na vitabu vinavyovuka maji hadi visiwani.

Hapo ndipo sisi tunapoweza kusaidia, au kuharibu. Misaada ya vitabu si jambo jipya Tanzania. Book Aid International, shirika la Uingereza lililoanza mwaka 1954 kama Ranfurly Library Service, zamani lilikusanya vitabu vilivyotumika. Siku hizi hutuma vitabu vipya kutoka kwa wachapishaji, kwa sababu ilionekana kwamba kitabu kilichomchosha mtu Ulaya hakigeuki kumfaa mtu Afrika eti kwa kuwa ni cha bure. Hata hivyo vingi ni vya Kiingereza, na mtoto wa Sengerema anafundishwa kwa Kiswahili hadi amalize shule ya msingi.

Kwa sheria yetu, wachapishaji huwasilisha nakala za vitabu vyao kwa Bodi, Dar es Salaam. Hilo huhifadhi kumbukumbu ya taifa, lakini halimfikishii msomaji wa Nansio, kule Ukerewe, riwaya iliyoandikwa na mtu wa kwao. Kitabu hicho lazima mtu akinunue.

Kwa hiyo ndugu zangu, nauli ya kontena lile tuifanyie kazi nyingine. Mmoja wetu akienda likizo, apite maktaba ya mkoa, amwombe mkutubi orodha ya vitabu vinavyoulizwa bila kupatikana, hasa vya watoto. Tuvinunue kwa wachapishaji wa Tanzania, kwa shilingi, vikiwa vipya, na tuvikabidhi kwa maandishi. Mwaka unaofuata tununue tena, na tuanze na Kitereza na Kezilahabi.