Kijana Anayesoma Chuo Akiwa Nyumbani: Maandalizi Yaanze Mapema



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, familia nyingi za Jimbo Kuu letu la Songea huanza hesabu ile ile: yauzwe magunia mangapi ya mahindi ili mtoto aende chuo? Kwa anayekwenda Dar es Salaam, ada ni sehemu tu ya mzigo. Iko nauli ya safari inayokaribia kilometa elfu moja, iko kodi ya chumba, kiko chakula cha kila siku, na hayo yote hayangoji bei ya mahindi ipande.

Tulikuwa na Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu James (AJUCO) hapa hapa mjini; leo hakipo tena. Hata hivyo, karibu yetu bado zipo nafasi. Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi Songea. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo cha mkoa wetu. Mwanafunzi wake hubaki nyumbani, hupata masomo kwa intaneti, naye hufika kituoni kwa mitihani. Ada huhesabiwa kwa kozi alizojiandikisha, jambo linalomfaa sana mkulima ambaye fedha yake huja kwa msimu. Aliyekosa alama za kutosha kidato cha sita asikate tamaa kabla ya kuulizia programu ya msingi ya chuo hicho.

Lakini tuseme wazi: masomo ya bei nafuu yasiyomalizwa ndiyo ghali kuliko yote. Anayeishi chuoni hubebwa na ratiba, kengele na wenzake. Huyu wa nyumbani huamshwa kwenda shamba, hutumwa dukani, hukaribisha wageni. Naye akishika simu, wazazi hudhani anacheza. Anapungukiwa saa, hata pale ambapo fedha imepatikana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake la mwaka 1965 juu ya Malezi ya Kikristo, uliwataja wazazi kuwa walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Wajibu huo haukomi kwenye risiti ya ada. Mzazi ampe mwanawe meza, taa, na saa mbili au tatu za kila siku ambazo hakuna atakayemtuma popote.

Miezi ya kusubiri chuo nayo ni ya thamani. Kijana afungue barua pepe yake mwenyewe na asiisahau nywila. Ajifunze kuchapa kwa kompyuta, hata ya kuazima, maana simu inafaa kusomea lakini humchosha mno anayeandikia kazi ya kurasa kumi. Azoee kupakua masomo mara moja, penye mtandao mzuri, kisha ayasome bila kutumia bando.

Nyaraka ndizo huwakwamisha wengi. Mwombaji wa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hudaiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na yatima huhitaji pia cheti cha kifo cha mzazi. Cheti cha ubatizo hakichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Hata hivyo ni miongoni mwa vielelezo vinavyopokelewa pale mtu anapochelewa kuandikishwa, na kwa sababu hiyo vitabu vya parokia vinaweza kumfungulia kijana mlango wa chuo. Aje ofisini akiwa bado kidato cha tano, asingoje wiki ya mwisho ya maombi. Wazazi nao wajue kwamba mkopo si zawadi: mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe.

Wapo pia watu wanaotangaza shahada za haraka za vyuo vya ng'ambo kupitia simu. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo hicho kinatambuliwa.

Kabla ya mwaka 2018, Songea ilipounganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya umeme kutoka Makambako, kusoma usiku kwa kompyuta lilikuwa jambo la kubahatisha. Leo parokia na vigango vingi vina umeme, na kumbi zake hukaa tupu jioni nyingi za wiki. Tunaziomba halmashauri za walei zitafakari kufungua ukumbi saa moja hadi saa tatu usiku, pakiwa na mtu mzima wa kusimamia, kwa ajili ya wanafunzi ambao nyumbani kwao hakuna taa wala utulivu.