Kwa nini saa ya Ulaya hupotea ikifika Nyalukemba

Kati ya zawadi tunazowapelekea ndugu zetu wa Bukavu, saa ya kengele inayojirekebisha kwa redio ndiyo inayozaa maswali mengi. Huku Ubelgiji haikosei hata sekunde. Ikifika Nyalukemba, mtaa wa Bukavu, mishale inaganda kwenye 12, au kengele inalia baada ya watoto kuchelewa shule. Wazee husema imeharibika, lakini ni nzima.

Saa hizi hufuata mtambo ulioko Mainflingen, karibu na Frankfurt, unaoitwa DCF77. Ulianza kazi mwaka 1959 na hurusha mawimbi marefu ya kilohezi 77.5, ukiongozwa na saa za atomu za PTB, taasisi ya vipimo ya Ujerumani. Tangu 1973 mawimbi hayo yanabeba pia saa na tarehe kamili. Kila sekunde nguvu yake hushushwa: ikishuka kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hiyo ni sifuri, ikishuka kwa sehemu mbili, hiyo ni moja. Sekunde ya mwisho ya dakika haina alama, na kwa kimya hicho saa hutambua kwamba dakika mpya inaanza. Naona ni kazi ya ustadi mkubwa kwa kifaa cha bei ndogo vile.

Ila mawimbi hayo hufika kilomita 2,000 hivi, na Bukavu iko mbali zaidi ya kilomita 6,000. Kuiweka saa dirishani hakutasaidia. Zile za Uingereza, zinazofuata mtambo wa Anthorn, na za Marekani, zinazofuata Fort Collins, zina shida ileile.

Halafu kuna suala la majira. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba, saa za Ujerumani na Bukavu zinalingana. Baada ya hapo Ujerumani hurudi nyuma na kulingana na Kinshasa, wakati Bukavu haibadiliki. Kwa hiyo saa iliyobebwa Desemba bila kurekebishwa itamwamsha mama saa nzima baada ya wakati wake.

Dawa ni kuiweka kwa mkono. Tia betri, usisubiri mawimbi, kisha bonyeza na ushikilie kitufe cha kurekebisha, mara nyingi kimeandikwa SET au M.SET. Chukua wakati kwenye simu iliyoshika mtandao wa Bukavu. Kama kuna njia ya kuzima upokeaji, uzime, kwa sababu kutafuta mawimbi kila usiku kunakula betri bure. Kuanzia hapo saa itatembea kama saa yoyote ya kwazi, na kila baada ya miezi michache itahitaji kusahihishwa.

Kabla ya kununua, igeuze uangalie mgongoni. Ikiwa haina kitufe cha kuiweka kwa mkono, iache dukani na uwapelekee wazee saa ya kawaida ya betri.