Kubebwa na Kuonewa: Kwa Nini Shabiki Hamwamini Refa

Katika lugha ya viwanja vya soka vya Tanzania kuna maneno mawili ambayo hutawala mazungumzo ya mashabiki kila mchezo mkubwa unapomalizika, nayo ni kubebwa na kuonewa. Timu huambiwa imebebwa pale inapoaminika kwamba mwamuzi ameipa ushindi ambao wachezaji wake hawakuutolea jasho, na huambiwa imeonewa pale inapoaminika kwamba haki yake imezimwa kwa filimbi. Maneno hayo hutamkwa kwa wepesi, lakini tuhuma iliyomo ndani yake ni nzito, kwa kuwa soka limesimama juu ya makubaliano kwamba mtu mmoja aliye katikati ya uwanja ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu matukio ya mchezo. Makubaliano hayo yakivunjika mioyoni mwa watazamaji, hata ushindi halali huonekana kuwa na doa.

Ili tuhuma hiyo ipimwe kwa haki, inafaa kutenganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida hutiwa katika kapu moja. La kwanza ni kosa la kibinadamu, yaani uamuzi usio sahihi wa mtu aliyezibwa na wachezaji au aliyekuwa mbali na tukio. La pili ni upendeleo usiokusudiwa, ambapo mwamuzi mwenye nia njema huelemea upande mmoja bila mwenyewe kujua. La tatu ni hongo na upangaji wa matokeo, ambapo uamuzi umekwisha kuuzwa kabla mpira haujaanza kuchezwa. Kosa hupunguzwa kwa mafunzo, upendeleo usiokusudiwa hupunguzwa kwa kubadili mazingira ya kazi, na hongo hukomeshwa kwa uchunguzi na adhabu; kwa hiyo anayeyaita yote matatu wizi anajinyima uwezo wa kutibu hata moja ya maradhi hayo.

Uchambuzi wa haki huanza na shabiki mwenyewe, kwa sababu jicho lake si shahidi asiye na upande. Mwaka 1954 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Albert Hastorf na Hadley Cantril, walichapisha utafiti kuhusu mchezo mkali wa futiboli ya Kimarekani uliozikutanisha timu za vyuo vya Princeton na Dartmouth mwaka 1951. Waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo hivyo filamu ileile ya mchezo na kuwataka wahesabu makosa waliyoyaona, na ikabainika kwamba wanafunzi wa Princeton waliona wachezaji wa Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Wanafunzi hao hawakuwa wakidanganya, bali mapenzi ya timu yalikuwa yamekwisha kuchagua kipi kionekane na kipi kipite. Ndivyo ilivyo kwa shabiki yeyote ambaye huikumbuka kwa miaka mingi penalti aliyonyimwa, ilhali ile aliyopewa kimakosa huisahau kabla ya kufika nyumbani.

Hata hivyo, kusema kwamba shabiki huona kwa mapenzi hakumsafishi mwamuzi, kwa sababu yapo masomo yanayoonyesha kwamba kelele za uwanjani humwingia. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Alan Nevill waliwakusanya waamuzi 40 wenye sifa, wakawaonyesha video ya matukio 47 ya wachezaji kugombea mpira katika mchezo kati ya Liverpool na Leicester City, baadhi yao wakisikia kelele za mashabiki na wengine wakitazama kimya. Waliosikia kelele waliipa timu mwenyeji makosa pungufu kwa asilimia 15.5 kuliko wale waliotazama bila sauti. Nchini Hispania, utafiti wa wanauchumi uliochapishwa mwaka 2005 ulichunguza dakika za nyongeza na kugundua kwamba timu mwenyeji ikiwa nyuma kwa bao moja, waamuzi waliongeza muda uliozidi wastani kwa asilimia 35, na ikiwa mbele kwa bao moja, muda huo ulipungua chini ya wastani kwa asilimia 29. Hakuna aliyehitaji kumpa mwamuzi bahasha ili hayo yatokee, kwa kuwa umati wenyewe ulitosha kumsukuma. Shabiki wa timu mgeni anayelalamika kwamba dakika zimeongezwa bila sababu hapaswi, basi, kupuuzwa kana kwamba anaota.

Jambo la tatu, ambalo ni hongo, ni adimu kuthibitishwa, lakini likithibitishwa mara moja hulisha tuhuma kwa miaka mingi. Novemba 12, 2016, mjini Polokwane, Afrika Kusini iliifunga Senegal mabao 2-1 katika mchezo wa kufuzu Kombe la Dunia, na bao la kwanza lilitokana na penalti ambayo mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana aliitoa akidai kwamba beki Kalidou Koulibaly ameunawa mpira. Picha zilionyesha wazi kwamba mpira ulimgonga gotini, na mikono yake haikuugusa kabisa. Uchunguzi ulihusisha uamuzi huo na mwenendo usio wa kawaida wa dau katika soko la kamari, na mwaka 2017 Shirikisho la Soka la Kimataifa, FIFA, lilimfungia Lamptey maisha, adhabu ambayo Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliithibitisha. Mchezo ukaamriwa urudiwe, na Novemba 10, 2017, katika mji uleule, Senegal ilishinda 2-0 na kukata tiketi ya kwenda katika Kombe hilo nchini Urusi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na kila tukio la namna hiyo humpa shabiki hoja ya kuamini kwamba refa wa Jumamosi ijayo naye amenunuliwa, ingawa hana ushahidi wowote juu yake.

Wengi walitarajia kwamba teknolojia ya video ya kumsaidia mwamuzi, inayojulikana kwa kifupi kama VAR, ingezika mashaka hayo. Teknolojia hiyo iliingizwa katika sheria za mchezo mwaka 2018, nayo wakati huo iliruhusiwa kuingilia mambo manne tu, ambayo ni bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwingine. Usiku wa Aprili 5, 2024, mjini Pretoria, mashabiki wa klabu ya Yanga ya Tanzania waliona mipaka ya tiba hiyo. Katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns, shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mtambaa panya, likadunda chini karibu na mstari na kurudi uwanjani. Kwa mujibu wa sheria, bao halihesabiwi mpaka mpira wote uwe umeuvuka mstari wote, na mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania hakutoa bao. Dakika 90 zikaisha bila bao, na Yanga ikatolewa kwa mikwaju ya penalti 3-2.

Lililowaumiza mashabiki wengi ni kwamba mwamuzi hakwenda kuitazama skrini iliyo kando ya uwanja. Utaratibu wa VAR una maelezo yake kuhusu hilo, kwa kuwa suala la kipimo, kama vile mpira kuvuka mstari au mchezaji kuwa ameotea, laweza kuamuliwa na waliomo kwenye chumba cha video bila mwamuzi kukimbilia skrini, ambayo hutumika zaidi kwa mambo yanayohitaji tafsiri yake, kama ukali wa rafu. Lakini nani alimweleza hayo mtazamaji aliyekuwa amekaa mbele ya televisheni Mbagala au Mwanza usiku ule? Pengo la maelezo lilijazwa na tuhuma, na tuhuma ikishatangulia, maelezo yanayokuja baadaye huonekana kuwa utetezi.

Tatizo hilo la tuhuma ni kubwa zaidi katika ligi ya nyumbani, ambako nchi nzima imegawanyika kati ya Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936. Mwamuzi wa Kitanzania amekulia katika nyumba na mitaa yenye rangi za timu hizohizo, na swali la kwanza ambalo shabiki hujiuliza anapolisoma jina lake ni hili: yeye ni wa timu gani, kwa hofu ya kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere. Mashaka hayo yana historia ndefu, na ndiyo maana wengi waliona nafuu pale mchezo wa watani wa jadi wa Juni 25, 2025, ambao Yanga ilishinda 2-0, ulipokabidhiwa kwa waamuzi kutoka Misri. Hatua hiyo yaweza kutuliza mchezo mmoja, lakini ligi haiwezi kuishi kwa filimbi za kuazima, wala waamuzi wa nyumbani hawawezi kukua ikiwa michezo mikubwa inawapita.

Upo utaratibu wa kuwawajibisha waamuzi hao. Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi, ambayo mashabiki huiita Kamati ya Saa 72, huwaondoa kwa raundi kadhaa waamuzi walioshindwa kutafsiri ipasavyo sheria 17 za mchezo. Hata hivyo, taarifa inayosema tu kwamba mwamuzi fulani amefungiwa kwa kushindwa kutafsiri sheria haimfundishi shabiki chochote, kwa kuwa haimwonyeshi ni tukio gani, ni kifungu kipi na uamuzi sahihi ungekuwa upi. Kwingineko njia ya uwazi imekwisha kufunguliwa: katika Kombe la Dunia la Wanawake la mwaka 2023 waamuzi waliutangazia uwanja mzima uamuzi uliofikiwa baada ya kutazama video, na nchini Uingereza mazungumzo ya waamuzi na chumba cha video yamekuwa yakirushwa baadaye ili umma usikie jinsi uamuzi ulivyofikiwa.

Imani ya shabiki, basi, hairudishwi kwa kumwamuru aheshimu filimbi, wala kwa kuongeza kamera peke yake. Wasimamizi wa soka wanapaswa kueleza maamuzi makubwa hadharani na mapema, kukiri kosa pale lilipotokea, kuwalipa waamuzi kwa wakati ili njaa isiwafungulie mlango wapanga matokeo, na kuchunguza tuhuma za hongo hadi mwisho. Shabiki naye anadaiwa wajibu wake, nao ni kujiuliza, kabla ya kumwita mtu mwizi, kama angeyasema hayohayo iwapo filimbi ile ingepulizwa kwa faida ya timu yake.