Sumu ya Ziwani Hujulikana kwa Jeni, Si kwa Rangi ya Maji

Katika Ghuba ya Winam, sehemu ya Ziwa Victoria iliyoingia ndani ya Kenya na ambayo kando yake umejengwa mji wa Kisumu, maji hugeuka kijani mara kwa mara na kufunikwa na utando mzito unaonuka uvundo. Viumbe wanaosababisha hali hiyo ni sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama ifanyavyo mimea, na ambao huzaana kwa kasi pale mbolea za mashambani, majitaka ya mjini na udongo unaosombwa na mito kama Nyando vinapolipatia ziwa fosforasi na naitrojeni kupita kiasi.

Baadhi yao hutengeneza microsistini, sumu inayoshambulia ini kwa kuzuia vimeng'enya vinavyoratibu kazi za protini, hata seli za kiungo hicho zikapoteza umbo na damu ikavujia ndani. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, makumi ya wagonjwa wa figo walifariki baada ya damu yao kusafishwa kwa maji yenye sumu hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa ya kila siku yasizidi mikrogramu 1 ya microsistini-LR kwa lita.

Ugumu ni kwamba ndani ya spishi moja, kwa mfano Microcystis aeruginosa, zimo nasaba zenye sumu na zisizo na sumu, na hadubini haiwezi kuzitofautisha, kwa kuwa tofauti yenyewe imo katika jeni. Mwaka 1997 watafiti walipoiharibu jeni moja tu, mcyB, bakteria waliokuwa na sumu waliendelea kuishi na kukua lakini wakaacha kutengeneza microsistini. Na mwaka 2000 ikabainika kwamba jeni hiyo ni moja kati ya jeni 10 za mcy zilizopangwa pamoja, zikichukua zaidi ya jozi 55,000 za herufi za DNA. Jeni hizo huagiza kuundwa kwa vimeng'enya vikubwa ambavyo, kama mafundi wanaopokezana kazi, huunganisha asidi amino 7 kuwa pete bila kutumia ribosomu, mtambo wa kawaida wa seli wa kutengeneza protini. Kwa kuwa baadhi ya vimeng'enya hivyo huweza kupokea asidi amino tofauti katika nafasi ileile, zimekwisha kutambuliwa aina zaidi ya 200 za microsistini.

Elimu hii imekuwa na faida ya moja kwa moja katika Ghuba ya Winam, ambako uchunguzi wa DNA ya sampuli za mwaka 2022 na 2023 ulionesha kuwa kundi la sianobakteria lililotawala maji ni Dolichospermum, ilhali mzalishaji wa microsistini alikuwa Microcystis, aliyepatikana zaidi kwenye midomo ya mito yenye maji machafu. Kwa hiyo mahali palipo na kijani kingi si lazima pawe ndipo penye sumu nyingi.

Kipimo cha PCR, kilichozoeleka wakati wa UVIKO-19, kinaweza kuzigundua jeni za mcy kabla utando haujaonekana kwa macho, ingawa kuwepo kwa jeni kunathibitisha uwezo tu, kwani mwanga na virutubisho huamua jeni hizo zitumike kwa kiasi gani. Ndiyo maana kipimo hicho hakina budi kufuatiwa na upimaji wa sumu yenyewe. Mamlaka za maji za Kenya, Uganda na Tanzania, zinazolitegemea ziwa hilo moja, zingefaa kuvifanya vipimo hivyo viwili kuwa sehemu ya kazi zao za kawaida.

Wananchi nao wafahamu kwamba kuchemsha, ambako huua vimelea vya kipindupindu, hakuiharibu microsistini, bali hupasua seli na kuiachia majini. Maji yenye utando wa kijani yasinywewe, yasipikiwe wala yasinyweshewe mifugo, hata yakiwa yamechemshwa.